Fomu inauliza kama kikundi chetu "kinaongozwa na Weusi", sa sie watu wa Amu (Lamu) tujaze nini?

MamaLangoni

Asalam alaykum jamani, na wengine hamjambo. Nina swali naomba msicheke, au chekeni lakini mjibu.

Sie ni kikundi cha kina mama 23 hapa Lamu. Tulianza 2016, kilikuwa chama tu cha kuzungusha hela, mia tano mia tano kila mwezi, halafu mtoto wa mwenzetu akafaulu kwenda sekondari akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa hela, ndo tukaanza kutenga kidogo kwa ajili ya wasichana. Sahi tuna tusheni ya jioni, wasichana arubaini na kitu, na Jumamosi wale wakubwa twaenda nao kupanda mikoko upande wa Matondoni.

Sa kuna mfuko mmoja wa Marekani, kijana wetu ametutumia linki, wanatoa ruzuku kwa mashirika "yanayoongozwa na watu Weusi". Fomu ina kurasa tisa. Swali la nne, asilimia ngapi ya viongozi wenu ni Weusi? Tukalisoma kikaoni, kimya. Mweka hazina wetu akasema mie msinihisabu, babu yangu katoka Hadhramaut, Yemen. Mwengine akamjibu habibti ukishuka ndege New York hakuna atakayekuuliza babu. Kikao kikaishia hapo hapo, watu wamecheka mpaka chai imepoa.

Lakini la kuniumiza si hilo. 2021 walikuja watu wa shirika moja kubwa na mradi wao, ofisa wao alikuwa Mwafrika kama sie, kijana mzuri mwenye adabu, wakapiga picha wasichana wetu na miche yetu, sie tukapata fulana na chakula cha mchana siku mbili. Mwaka uliofuata nikaonyeshwa ripoti yao kwa simu, mikoko yetu imo, jina letu halimo. Mgeni njoo mwenyeji apone, sa sie tumeponaje? Ndo nauliza, hii habari ya kuongozwa na Weusi inabadilisha kitu kwa watu wa mtaani ama ni sura tu zinabadilishwa?

MuamuWaOhio

Wa alaykum salam dada. Mie niko Columbus mwaka wa 11 na nafanya kazi kwa shirika dogo la Wamarekani Weusi, kazi yetu ni wazee na familia zinazohangaika na kodi ya nyumba, kwa hiyo hili neno nalila kila siku.

Huku lina historia yake ndefu na ukiisoma utaona ni chama chako hicho hicho. 1787 pale Philadelphia, Richard Allen na Absalom Jones, wote wawili waliwahi kuwa watumwa, walianzisha Free African Society. Unajua mchango ulikuwa ngapi? Shilingi moja kwa mwezi, wallahi shilingi. Mwanachama akiugua anasaidiwa, akifa mjane na watoto wanaangaliwa. 1793 homa ya manjano ilipoingia mji ule, hao hao ndo walitoka kuuguza wagonjwa na kuzika maiti wakati wenye uwezo washakimbia. Halafu njoo Januari 1969, Oakland, Black Panther, chama cha Weusi cha kupigania haki, wakaanza kuwapa watoto chai ya asubuhi kanisani kabla ya shule, bure, ikaenea miji mingi. Serikali nayo ilikuwa na mpango wake mdogo wa majaribio tangu 1966, ukafanywa wa kudumu 1975. Sisemi ni wao peke yao waliosababisha, lakini walimfanya kila mtu aone kuwa kuna watoto wanakaa darasani na njaa.

Sa kwa nini siku hizi watu wanaandika "Weusi" kwenye fomu? Hela. 2020 Echoing Green, mfuko unaofadhili mashirika machanga, na Bridgespan, washauri wa mashirika, walitoa uchunguzi wao, waliangalia mashirika yaliyoomba kwa Echoing Green na kufika mbali kwenye mchujo, yaani yote mazuri. Yale yanayoongozwa na Weusi mapato yao yalikuwa chini kwa asilimia 24 kuliko yanayoongozwa na Wazungu. Lakini hiyo si kitu, angalia hii ya pili: akiba isiyofungwa, yaani hela ambayo unaamua mwenyewe uitumie wapi, ilikuwa chini kwa asilimia 76. Maana yake hata mfadhili akimpa Mweusi anampa na kamba. Nunua vitabu, usilipe mwalimu. Lipa mwalimu, usilipe stima.

Kwa hiyo lile swali la nne halikutungwa kwa ajili ya babu wa mweka hazina wako, limetungwa kwa ajili ya ugonjwa wa huku. Jazeni mia kwa mia mwendelee na ukurasa wa tano.

Kijana_Mkomani

Mie ntasema ambalo hamtaki kusikia. Mwizi mweusi ni mwizi. Tumeona hapa hapa Kenya shirika mwenyekiti ni baba, katibu ni mkewe, mweka hazina ni shemeji, ofisi iko ndani ya begi, na wanajiita sauti ya jamii. Semina kila mwezi hotelini, posho, picha, basi. Mzungu akila anaitwa beberu, mwenyeji akila anaitwa mtoto wetu.

Na hiyo "jamii" ya Lamu ni nani hasa? Mtaa wa Mkomani ama wa Langoni? Mbajuni wa Kiunga? Mu-Aweer wa Basuba ambaye akitaka kufika ofisi yoyote ni safari ya siku? Mtu wa Mpeketoni? Mkimaliza kumhisabu nani mweusi hisabuni pia nani amewahi kukaa kwenye hicho kiti. Sie wenyewe tuna madaraja yetu tusijifanye malaika. Habib Swaleh, mwanazuoni aliyeanzisha msikiti wa Riyadha, alipoanza kusomesha watu ambao waungwana wa mji hawakutaka wasomeshwe alipata maneno kutoka kwa nani? Si Mwingereza. Riyadha iko pale zaidi ya miaka mia sahi na kila Maulidi mnajaa, lakini mwanzo wake mnausahau.

@MamaLangoni sikutukani wewe, nakuuliza tu, hesabu za kikundi chenu nani anaziona?

MamaLangoni

Kijana wa Mkomani maneno yako yana pilipili lakini si uongo. Hesabu zetu zaandikwa kwa daftari, zasomwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mbele ya wote, asiyejua kusoma anasomewa mara mbili. Basuba hatuna mtu. Hapo umenishika.

BintiMaweni

Jamani nipeni nafasi mtu wa Malindi. Nimefanya kazi miradini miaka tisa, za afya zaidi, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake mie ni mmoja wa waliotumiwa imeili ya kuambiwa tusije kazini kesho. Tulikuwa na magari mawili, jenereta, ofisi ya ghorofa, maofisa kumi na mmoja. Wiki tatu tu zikapita, mlinzi ndo akabaki, na yeye alikuwa anadai. Julai mosi USAID yenyewe, lile shirika lao la misaada, ikafungwa kabisa. Sa kule Ganda, huku huku Malindi, kuna kikundi cha kina mama tulichokuwa "tunakijengea uwezo" (naandika na aibu), wanachanga hamsini kila wiki na wanasindikiza wajawazito hospitali usiku kwa zamu. Nilipowaendea mwezi wa tatu kuwapa pole walinishangaa. Pole ya nini? Wao walikuwa wanaendelea, isipokuwa zile semina zetu ndo hazipo.

Kwa hiyo @MamaLangoni jibu langu ni hili, athari kwa jamii ipo, nimeiona, lakini haiji kwa sababu kiongozi ni mweusi, inakuja kwa sababu akifanya ubaya hana pa kukimbilia. Atakutana na wewe sokoni, msikitini, kwa harusi. Yule ofisa wako wa 2021 mwenye adabu alikuwa anajibu kwa nani? Kwa bosi wake Nairobi, na bosi wake anajibu kwa mtu mwingine ng'ambo. Wewe hukuwemo kwenye hiyo ngazi hata daraja la chini.

Sasa mambo ya kazi. Angalieni cheti chenu kama hakijaisha, vikundi vya jamii sahi viko chini ya sheria ya 2022, mkasajiliwe kwa ofisi ya maendeleo ya jamii kama bado mna karatasi ya zamani. Msikimbilie kuwa shirika kubwa la manufaa ya umma, PBO, kwa sababu ya fomu moja, ile sheria ilipitishwa 2013 ikalala miaka kumi na moja ndo ikaanza kazi tarehe 14 Mei 2024, na masharti yake ni ya watu wenye mhasibu. Mfadhili wa nje atataka hesabu zilizokaguliwa na odita, pengine za miaka kadhaa. Daftari la Jumapili ni zuri kushinda ripoti nyingi nilizowahi kuandika lakini hataliamini. Tafuteni shirika lenye odita mnaloliamini lipokee hela kwa niaba yenu, muandikiane mkataba nani anakatwa asilimia ngapi, na JINA LENU liandikwe mbele. Msisahau hilo la jina.

Na kwenye bajeti wekeni kodi ya chumba, tokeni, bando za intaneti, na chochote kwa yule anayekaa na wasichana jioni. Mtaona haya, mtasema sie twajitolea. Wekeni. Mnamuona mfadhili analipa tiketi za ndege za watu wake bila kuona haya.

NahodhaKipungani

Salam. Mimi mzee kidogo mtanisamehe naandika polepole na kidole kimoja.

Mwasema mengi mazuri lakini mmesahau kitu kilichotokea hapa nyumbani. Walitaka kutuwekea mtambo wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050. Wakubwa wote walikuwa wameshakubali na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ilitoa leseni 2016. Save Lamu wakasimama, na hao si shirika la mtu na mkewe, ni vikundi vingi vya hapa vimeungana, wavuvi, kina mama, watu wa mazingira. Wakaenda kwa baraza la kesi za mazingira (National Environment Tribunal), na tarehe 26 Juni 2019 ile leseni ikafutwa, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka kabla yake, 2018, mahakama kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET. Kulipwa ni kesi nyengine, hiyo hadithi ina rufaa na mazungumzo, siimalizi leo.

Sasa nisikilizeni. Mawakili na wataalamu wengine walitoka nje, na hela nyengine zilitoka nje, nisidanganye. Lakini wakili hajui samaki wanataga wapi. Hajui kusi likivuma maji yanakwenda upande gani. Hayo yalisemwa na watu ambao hawajasoma hata darasa la nne. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni akitaka kusaidia na akae hapo nyuma, karibu na injini, sio kwa usukani.

Na wewe kijana wa Mkomani babako namjua, mwambie nahodha amemsalimu.

Kijana_Mkomani

😂😂 Nimefika ami. Salamu zimefika.

Lakini bado nasema, usukani wa nahodha mmoja miaka ishirini pia ni hatari. Kina mama wa Ganda wanabadilisha mwenyekiti? Nauliza tu.

BintiMaweni

Kila mwaka. Wa sasa alichaguliwa kwa sababu ndo pekee mwenye tochi nzuri, si mzaha, safari za usiku.

MuamuWaOhio

Huku nako hilo la kiti lipo, mwanzilishi anazeeka na shirika linazeeka naye. Nyongeza moja dada: 2020 baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani Mweusi, makampuni na mifuko iliahidi mambo mengi kwa mashirika ya Weusi, na shirika letu tulipata hela miaka miwili, tukaajiri, halafu simu zikaacha kupokelewa. Ilibidi tumwachishe kazi mama mmoja aliyekuwa anajua kila mzee wa mtaa kwa jina. Kwa hiyo mkipata msipanue tusheni iwe ya wasichana mia mbili. Ulizeni kwanza ni ya miaka mingapi.

MamaLangoni

Jamani shukran sana wote, nimewasomea kina mama haya yote jana baada ya isha, mpaka ya tochi.

Tumeamua hivi. Swali la nne tunajaza mia kwa mia, mweka hazina amekubali ila ameomba kwenye nafasi ya maelezo iandikwe Waswahili wa Lamu, Wabajuni na wengineo, ili babu asikasirike. Hesabu tutabandika ukutani nje ya chumba cha tusheni kuanzia mwezi huu, tupate ama tusipate hiyo hela. Kuna dada mmoja wa Basuba anasomesha huku mjini, tutamuuliza kama atakaa nasi kwenye kamati, akikataa tutamuuliza anamjua nani.

Kilicholeta vita ni bajeti. Chumba na tokeni zimepita. Posho ya mwalimu wa jioni ndo nusu wamekataa, wasema tukianza kulipa basi kila mtu atataka kulipwa hata wa kupanda mikoko. Na huyo mwalimu mwenyewe alikuwepo, ameinamisha kichwa hakusema kitu. @BintiMaweni kama una bajeti ya zamani ambayo waweza kufuta majina naiomba kwa inboksi, nataka kuwaonyesha kuwa wenzetu waliandika. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, kwa saa zao, sijui kwetu ni saa ngapi.

MuamuWaOhio

Kama wamesema saa sita usiku ya New York, kwenu ni Jumamosi asubuhi. Lakini tuma Alhamisi dada, stima ya Amu naijua.