Uzamifu wa famasia: maabara ya mimea, kompyuta au Cape Town?

Nekesa_Rx
Wadau, nimemaliza uzamili wa kemia ya dawa hapa Nairobi na ninataka kufundisha chuo kikuu. Mhadhiri anatakiwa awe na uzamifu, kwa hiyo sina budi kuchagua. Nichuje viambato vya mimea yetu maabara? Nibuni dawa kwa kompyuta huku nikifundisha vipindi vichache? Au nihamie Cape Town? Nina mtoto mdogo.

Otieno_Benchi
Maabara, dada. Viyeyusho ni ghali na vikiagizwa hukawia, lakini mwishowe unashika kiambato mkononi. Artemisinini, dawa ya malaria, ilitoka kwenye mmea, na mgunduzi wake Tu Youyou akapata Nobel mwaka 2015.

MwalimuWaMolekuli
Dada Nekesa, mimi ningeenda kompyuta, kwa sharti moja nitakalolitaja. Programu za AutoDock Vina (ya dokingi, yaani kukadiria molekuli itakavyojipachika kwenye protini) na GROMACS (ya simulesheni) ni za bure. Maumbo ya protini yako wazi kwenye hifadhidata ya Protein Data Bank, iliyoanza 1971, na vipimo vya molekuli viko kwenye hifadhidata ya ChEMBL. Dokingi ya molekuli mia kadhaa unaiacha usiku kwenye kompyuta ya kawaida. Simulesheni ya mwendo wa protini ndiyo itakayodai kadi ya michoro yenye nguvu, na stima ikipotea uwe umehifadhi hatua za kati.

Sasa sharti. Alama ya dokingi si ushahidi. Tofauti ya kilokalori 1.4 hivi kwa moli ni sawa na mara 10 katika nguvu ya kushikamana, na makosa ya programu hizi kwa kawaida huzidi hapo. Molekuli yenye alama -8.9 haijaishinda yenye -8.1, ingawa alama ikishuka hudaiwa inashikamana zaidi. Kwanza chukua molekuli iliyopigwa picha ndani ya fuwele ya protini, uitoe, uone kama programu itairudisha mahali pake bila kupishana zaidi ya angstromu 2 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Ikishindwa, usiendelee.

Kisha chagua kimeng'enya chenye historia, kama DHFR ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Asidi amino ya nafasi ya 108, serini, ikigeuka asparajini, pyrimethamine, dawa ya malaria inayokizuia kimeng'enya hicho, inaanza kushindwa. Hapo utakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Na uwe na msimamizi wa pili anayekuza vimelea. Tasnifu ya dokingi tupu inanihuzunisha kila ninapoisoma.

Kusini_Kidogo
Cape Town kuna H3D, kituo cha kugundua dawa kilichoanzishwa na Kelly Chibale mwaka 2010. Wanakemia na wanabiolojia wanafanya kazi bega kwa bega, utaona kwa nini molekuli nzuri hutupwa. Mtoto ndiye swali.

Nekesa_Rx
Asanteni. Mtoto ananibakiza Nairobi. Mwalimu, nianze wapi?

MwalimuWaMolekuli
Kwa mwenye maabara ya vimelea, kabla hujagusa kompyuta. Muulize anaweza kukupimia molekuli ngapi kwa mwaka. Akisema 20, buni utafiti wako wote kwa ajili ya kupata hizo 20.

Otieno_Benchi
Hapo nakubali. Na muulize pia nani analipia vitendanishi.