Probu inalia kabla haijagusa kazi: ninunue mpya?

Fundi_Keko: Wakuu, habari za kazi. Nina milingi ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), kontroli ya Fanuc, na probu ya infraredi, kile kifaa cha kupimia kinachofungwa kwenye spindo, mhimili unaozunguka, na kutoa ishara kikigusa kazi, yaani kipande kinachochongwa. Ijumaa sindano ya probu, ile ncha yake ya kugusia, ilivunjika, nikafunga nyingine niliyoipata. Tangu hapo nikiitembeza kwa P9810, programu ya kuisogeza kwa tahadhari, inatoa alamu kwamba njia imezibwa, na hakuna kitu mbele yake. Tena tundu ambalo maikromita inasema milimita 40.00, yenyewe inasoma 40.03. Betri nimeweka mpya. Muuzaji anasema probu imekufa. Hela ya nyingine ni mishahara ya vijana wangu.

dada_milingi: Kaka, futa kioo cha probu na cha kipokezi. Maji ya kupoozea yakikaukia pale yanaacha utando, mawasiliano yanakatika.

Mzee_Spindo: Futa, ndiyo, ila uchafu haupanui tundu. Sindano ya zamani ilikuwa ndefu kiasi gani, na mti wake wa nini?

Fundi_Keko: Shikamoo mzee. Ya zamani milimita 50, seramiki. Hii 100, chuma.

Mzee_Spindo: Marahaba. Basi usinunue probu, mwanangu. Hiyo sindano ni ndefu na nzito: mashine ikishtuka tu, inayumba, probu inadhani imegusa. Ikigusa kweli, inapinda kwanza, na mashine inazidi kusogea kabla ya ishara kutoka. Kontroli bado ina kalibresheni, yaani vipimo vya kusahihisha, ya sindano ya zamani, kwa hiyo mwendo huo wote inauhesabu kuwa tundu.

Washa probu, iguse kwa kidole. Taa ya kijani iwe nyekundu, ukiachia irudi kijani. Ikirudi kila mara, ni nzima. Funga 50 ya seramiki, usiikaze kwa hasira, uzi wake ni M4 tu. Weka dayo geji (saa ya kupimia) kwenye gololi ya rubi iliyo nchani mwa sindano, zungusha spindo kwa mkono, rekebisha skrubu za pembeni hadi mchezo wa mshale uwe chini ya milimita 0.01. Kisha kalibresheni ya urefu, halafu ya ringi, ile pete ambayo kipenyo chake kinajulikana. Ringi usiiruke! Mimi niliwahi kuiruka, nyumba sita za beringi zikatoka zimebana, na mteja alikuwa amesimama mlangoni. Bado inaniuma.

Siku ukihitaji ile ndefu, punguza kasi na uifanyie kalibresheni yake.

Fundi_Keko: Mzee, karakana ya jirani wameniazima ya seramiki. Ringi ya 50 nimeipima mara tano: 50.002, 50.001, hazivuki hapo. Lile tundu linasoma 40.00. Alamu haijatoka tangu asubuhi.