Ushauri: kifaa cha pili cha akiba kwa anayepanda mwamba peke yake na kamba ya juu

Pimbi254
Habari zenu wadau. Nataka kuanza kupanda peke yangu kwa kamba iliyofungwa juu, Lukenya kwanza, baadaye Fischer's Tower kule Hell's Gate. Vifaa nilivyonavyo: kamba ya dainamiki (inayonyumbuka) mita 60, unene 9.8 mm, Micro Traxion moja (kifaa chenye meno kinachopanda na mtu na kubana kamba akianguka), Grigri moja (kifaa cha kushukia kinachobana kamba chenyewe), hanesi ya kawaida (mkanda wa kiunoni na mapajani). Sina kifaa cha pili cha akiba. Kuna mtu mtaani anauza Petzl Shunt (kifaa kingine cha kubana kamba) iliyotumika, bei ni maelewano. Wengine wananiambia nifunge prusiki tu (kitanzi cha kamba nyembamba kinachobana kamba kuu) chini ya Traxion nisipoteze pesa. Njia zenyewe hazizidi mita 25. Nichukue gani, na niipange vipi?

FundiKamba
Shunt iache, tena kabla hujaanza kuongea bei. Ikiwa kwenye kamba moja inataka unene wa 10 hadi 11 mm. Hizo 8 mm unazoona zikitajwa ni za kamba mbili kwa pamoja. Kamba yako ya 9.8 iko nje ya kipimo. Hata ungekuwa na kamba ya 10.5 kuna tatizo lingine: Shunt ikishikwa na mkono au ikikandamizwa na mwamba inaachilia. Mtu anayeanguka hushika chochote kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni hiyo Shunt.

Prusiki nayo haikufai. Haipandi yenyewe, lazima uisukume kila hatua, na ukiisahau inabaki imelegea nusu mita chini. Ikiteleza kwenye kamba kwa mwendo inaungua. Ni nzuri kwa kushuka, si kwa kazi hii.

Kabla ya jina la kifaa, jiulize Traxion yako itashindwa kwa njia gani. Kuna tatu za kawaida:

1. Ile kamu (kipande chenye meno kinachobana kamba) ina kitufe cha kuifunga ikiwa wazi. Kikiguswa na mwamba au na karabina (pete ya metali yenye mlango) nyingine, kamba inapita bure na wewe hujui.
2. Kitu kinaingia kati ya meno na kamba: pindo la shati, uzi wa kofia ya jaketi, nywele, matope.
3. Karabina inageuka na kubeba uzito kwa upande, mlango wake ukiwa umeegemea kifaa.

Kifaa cha akiba kinachoweza kushindwa kwa sababu hiyohiyo, kwa wakati huohuo, hakijakusaidia sana. Ndiyo maana mimi sipendi Traxion mbili zilizofuatana kwenye kamba moja. Zinafanya kazi, wengi wanazitumia, lakini tope likiziba moja limeziba na ya pili.

MamaMawe
Nakubaliana na Fundi kuhusu Shunt. Kuhusu Traxion mbili sikubaliani naye kwa kila kitu, ila nitarudi hapo.

Pimbi, una bahati na urefu wa kamba. Mita 60 ukiikunja katikati unapata mikono miwili (nusu mbili za kamba) ya mita 30, na njia zako ni 25. Tumia mikono yote miwili. Juu, kwenye nanga (mahali kamba inapofungiwa kwenye mwamba) yenye pointi mbili au zaidi zilizosawazishwa, funga fundo la nane kwa kila mkono, kila fundo na karabina yake ya kufunga. Usiache kamba ipite tu kwenye karabina, kwa sababu ukikaa upande mmoja upande mwingine utapanda.

Mkono wa kwanza ni wa Traxion, umeungwa kwenye kitanzi cha mbele cha hanesi. Mkono wa pili ni wa akiba. Hapo una chaguo mbili:

- Kifaa cha pili cha aina tofauti. Rescucender, kifaa kingine cha kubana kamba, haina meno na inapokea 9 hadi 13 mm, kwa hiyo 9.8 yako inaingia. Ni nzito kuliko Traxion na haitelezi kwa ulaini ileile, lakini kasoro zake si zile za Traxion.
- Bila kununua chochote: funga mafundo ya kipepeo (yanayoacha kitanzi katikati ya kamba) kwenye mkono wa pili kila mita 2 au 3 kabla ya kuanza. Ukifika kwenye fundo, unajiunga nalo kwa karabina ya kufunga kutoka kwenye slingi (kitanzi cha mkanda) fupi ya hanesi. Ukifika linalofuata, unahamia. Usitoe la chini kabla hujaunga la juu; beba slingi mbili.

Mafundo yanachosha na yanakatiza mwendo. Kwa njia ngumu ambayo huwezi kuachia mkono mmoja hayafai. Kwa mtu anayejifunza njia za mita 25 Lukenya, yanatosha kabisa na bei yake ni sifuri.

Kaka_Ngong
Mbona msimwambie atumie Grigri kama akiba? Anayo tayari.

FundiKamba
Kwa sababu Grigri haijipandishi. Kamba haipiti yenyewe, lazima avute kila hatua, na akiwa kwenye hatua ngumu hatavuta. Hapo ndipo kamba inalegea. Grigri yake abaki nayo kwa kushuka, tena ni lazima. Watu wanapanga kupanda, hawapangi kushuka.

Kifaa chenye meno hakifunguki kikiwa kimebeba uzito. Ukibaki unaning'inia sehemu ya mwamba unaokupindukia, miguu haigusi popote, huwezi kutoka bila kujiinua kwanza. Kwa hiyo beba slingi ya sentimita 120 ya kukanyagia na prusiki moja ya kuifungia kwenye kamba juu ya Traxion. Utaratibu wenyewe:

Funga Grigri kwenye mkono wa kwanza, chini ya Traxion. Vuta ulegevu wote, kisha funga fundo kwenye kamba chini ya Grigri. Kanyaga slingi, simama, vuta tena ulegevu, kalia Grigri. Ikiisha kubeba uzito wako wote, ndipo unafungua Traxion. Akiba ya mkono wa pili inatoka mwisho. Ukisahau kuitoa, utashuka nusu mita na kuning'inia juu yake. Fundo lililo chini ya Grigri lifungue ukiwa tayari kushuka.

Fanya zoezi hili lote ukiwa mita moja kutoka chini kabla ya kulifanya mita 20.

MamaMawe
Sasa yale ya Traxion mbili. Zikiwa kwenye mikono miwili tofauti, sina shida nazo. Shida ni kwenye kamba moja, ya juu ikidondokea ya chini: inaweza kusukuma kamu ya chini ikabaki wazi. Anayelazimika kutumia kamba moja aweke nafasi: ya chini kwenye kitanzi cha hanesi, ya juu kwenye slingi fupi, imeinuliwa na mpira mwembamba shingoni au kifuani. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinafaa, kilegee kiasi kwamba kikivutwa kinakatika au kinaachia. Slingi yenyewe iwe fupi, kifaa kisipite usawa wa kidevu, la sivyo hutakifikia ukiwa umening'inia.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeligusa ni mnyumbuko. Kamba ya dainamiki inaweza kurefuka hadi asilimia 10 kwa uzito wa kilo 80. Chukua 8 tu: kwa mita 25 ni mita 2. Ukianguka ukiwa mita moja na nusu kutoka chini, utagonga ardhi na vifaa vyote viwili vikiwa vimeshika vizuri kabisa. Mwanzo wa njia panda kama huna kamba. Ukipata kamba ya semi-statiki (kiwango cha Ulaya EN 1891 aina A, mnyumbuko usiozidi asilimia 5), itakuwa bora kwa kazi hii, mradi usiache ulegevu.

Ulegevu ndio adui. EN 567, kiwango kingine cha Ulaya, inadai kifaa cha kushika kamba kihimili kN 4 tu (kama uzito wa kilo 400) bila kuiharibu. Ukianguka juu ya meno na kamba ikiwa imelegea mita nzima, ganda la kamba linaweza kuchanika.

Pimbi254
Asanteni sana. Uzito wa kuning'iniza chini ya kamba ili inyooke niweke kilo ngapi? Na ukingo wa juu Lukenya naulindaje?

Kaka_Ngong
Uzito: chupa ya maji ya lita 1.5 au 2 kwa kila mkono, zikining'inia kama sentimita 30 kutoka chini. Zisipoguswa na ardhi kamba inakuwa imenyooka na kifaa kinapanda chenyewe. Mikono miwili isiunganishwe kwenye mzigo mmoja, itajisokota. Ukishapanda mita kadhaa uzito wa kamba yenyewe unasaidia. Hell's Gate usitundike begi lenye chakula, nyani watalipenda.

FundiKamba
Ukingo: jiwe la Lukenya ni naisi, ni kama msasa. Kamba inayonyumbuka inaenda juu na chini hapo kila unapokaa. Shusha nanga kwa slingi au kamba ya statiki mpaka mafundo yapite ukingo, ili kamba yenyewe isiguse. Ukishindwa, mpira wa kumwagilia maji uliopasuliwa kwa urefu, sentimita 60 hivi, utoboe ncha na uufunge kwenye nanga kwa kamba nyembamba usiteleze. Angalia sehemu hiyo ya kamba kila ukimaliza njia. Ukiona uzi mweupe wa ndani, kata hapo.

Na kabla ya kila safari ya kupanda: chomeka shati, funga nywele, kalia kila kifaa kimoja kimoja ukiwa chini, kisha vuta kamba kwa juu na chini mara mbili uone kamu inarudi.