Naomba ushauri: kuku anaiva nje, mfupani bado

Habari zenu wapishi na wapenda kuku. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Nimekula kuku wa kukaanga wa migahawa kadhaa nikilinganisha kwa makini. Wa KFC nyama yake ni laini na ina majimaji. Nadhani ni kwa sababu ya kukaangwa kwa presha, njia aliyoianza Sanders, mwanzilishi wa KFC, mwaka 1939. Wa mtindo wa Korea hukaangwa mara mbili, ganda jembamba, linalia ukilitafuna. Huyo ndiye ninayempenda kuliko wote.

Nyumbani nalaza mapaja kwenye maziwa mgando yenye chumvi usiku kucha, navingirisha kwenye unga wa ngano, wanga wa mahindi na pilipili manga, kisha nakaanga kwenye mafuta ya nyuzi 175 za Selsiasi. Ladha inaingia mpaka ndani, hilo nashukuru. Ila ganda linakuwa jeusi mapema, na karibu na mfupa kipimajoto kinasoma 65 tu wakati nataka ifike 74. Nikipunguza moto, ganda linanyonya mafuta na kulegea. Kumtoa kwenye friji nusu saa kabla kumesaidia kidogo sana.

Nikikaanga mara mbili, awamu ya kwanza iwe nyuzi ngapi, na apumzike dakika ngapi kabla ya kurudi kwenye mafuta? Na je, inawezekana sukari ya kwenye maziwa ndiyo inayoharakisha rangi, nitumie maji ya chumvi badala yake?

Natanguliza shukrani.