Uchumi kidato cha tano: kukariri wanaweza, kufikiri bado. Tufanyeje?

Mwl_Kizota
Wakuu, habari za kazi. Darasa la HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), wanafunzi 60, hapa Dodoma mjini. Wakiulizwa maana ya mahitaji wanaitiririsha bila kukosea nukta. Geuza swali kidogo tu, "bei imepanda na mauzo yamepanda, kulikoni?", kimya. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Mnawatoaje hapo?

Debe_Sita
Mwalimu, anza na namba, maana ije baadaye. Andika ubaoni takwimu za kubuni za soko la mahindi Kibaigwa:

Wiki ya 1: gunia sh. 60,000, yameuzwa 400
Wiki ya 2: sh. 72,000, yameuzwa 520
Wiki ya 3: sh. 84,000, yameuzwa 380

Wiki ya 1 na ya 2, wengi watadai sheria ya mahitaji (bei ikipanda, kiasi kinachonunuliwa hupungua) imevunjika. Usiwasahihishe upesi. Waambie wakokotoe unyumbufu wa mahitaji, yaani asilimia ya badiliko la kiasi kugawanya kwa asilimia ya badiliko la bei: bei imepanda asilimia 20, kiasi asilimia 30, jibu chanya 1.5. Wataguna wenyewe, maana wanajua unyumbufu huo huwa hasi. Kumbe walichopima ni ugavi. Malori ya wanunuzi yameongezeka, mstari wa mahitaji umehamia kulia, wenye mahindi wakapanda kwenye mstari wao uleule wa ugavi.

Wiki ya 3 ndiyo tamu. Bei juu, mauzo chini: lazima ugavi umepungua. Mahitaji je, yamebaki palepale? Jedwali halisemi. Atakayejibu "hatuwezi kujua mpaka tuambiwe malori yalikuwa mangapi", mpe alama zake.

Zabibu_Mara2
Sawa kabisa, ila usianze na makundi. Dakika 8 kila mtu aandike peke yake, la sivyo mmoja anafikiri na wanne wananakili. Kisha makundi 12 ya watano watano, dakika 25, wabishane kwa Kiswahili. Kiingereza kije wakati wa kuandika jibu. Anayepigana na sarufi hana nguvu ya kupigana na hoja.

Usahihishaji, kati ya alama 10: mchoro 2, sababu iliyofuatwa hatua kwa hatua 4, masharti ya jibu 2, na 2 kwa kutaja taarifa ambayo ingebadili jibu. Mchoro ukiupa 6 watakuchorea maua.

Mwl_Kizota
Shukrani. Na mada ya bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa?

Debe_Sita
Hiyo huna haja ya kubuni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Daftari linasema kikomo huleta uhaba. Uliza mbona kwa kawaida vituo vina mafuta. Wafike hapa: uhaba huja kikomo kikiwa chini ya bei ya soko, na hiki hukokotolewa kwa kufuata gharama za kuagiza pamoja na faida iliyoruhusiwa. Kisha geuza: ikijulikana mwezi ujao kikomo kitapanda, mwenye kituo ana sababu gani ya kuuza yote leo?