Kulaza vifaa: tutegemee orodha ya keneli, suspend_late au kiungo?

Fundi_Kadutu: Bonjour wakubwa. Bodi yangu ya Linux (6.1) iko kwenye betri, umeme ukikatika inalala ili betri ifike asubuhi. Kamera inapata nguvu kwa chipu ya I2C (waya mbili ambazo chipu zinaongea kupitia) ambayo si mzazi wake (kifaa kilicho juu yake kwenye mti wa vifaa). Siku nyingine chipu inalala kwanza, draiva ya kamera (programu inayoiendesha) inabaki inabisha hodi kwa nyumba tupu, inarudisha kosa, na bodi nzima inakataa kulala. Mngechagua njia gani?

Nyawera_Net: Miye orodha tu. Keneli (kiini cha Linux) inalaza kinyume cha usajili: aliyekuja mwisho analala kwanza. Sajili chipu mbele, basi.

Yaya_Essence: Mdogo wangu, hiyo inashika mpaka vifaa vianze kulazwa sambamba. Hapo keneli inangojea watoto kabla ya mzazi, na watumiaji kabla ya mtoaji kama wana kiungo (tamko kwamba huyu anamtegemea yule). Nafasi kwenye orodha haimngojeshi mtu. Fundi, andika 0 kwenye /sys/power/pm_async (inazima kulaza sambamba) ujaribu tena.

Na suspend_late (hatua ya kulala inayofuata suspend) ni mtego. Hatua ni za mashine nzima: vifaa vyote vinamaliza suspend, ndipo late inaanza. Chipu yako ingoje late, kumbe kontrola ya I2C (kifaa kinachoendesha waya hizo) imeshalala kwenye suspend. Utaizima kwa maombi? Kontrola ikiwa inalala kwenye noirq (hatua baada ya late) utapona, soma draiva yake. Ila chipu yenyewe usiipeleke noirq: intarapti (ishara za kifaa za kuita kichakata) zimefungwa kule, na kontrola nyingi za I2C hazisemi kitu bila intarapti.

Miye natumia device_link_add, kazi ya keneli inayounda kiungo. Ipo tangu Linux 4.10, mwaka 2017. Inapanga kulala, kuamka, hata kuzima.

Nyawera_Net: Ikirudisha NULL (yaani kiungo hakikuundwa) je?

Yaya_Essence: Mara nyingi ama chipu haijasajiliwa, ama umefanya mzunguko: A anamngoja B, B anamngoja A. Usiinyamazie.

Ibanda_bodi: Kabla ya kuandika kodi, fungueni faili la devicetree (maelezo ya vifaa vya bodi). Kamera ikiwa na mstari wa vdd-supply (unaotaja anayeipa nguvu), fw_devlink, sehemu ya keneli inayosoma faili hilo, inaunda kiungo yenyewe. Nilipoteza wiki nzima kwa mstari huo mmoja, bibi akadhani nina deni la mtu.

Fundi_Kadutu: Aksanti Yaya. Kwa pm_async 0 nimelaza mara ishirini, hakuna kosa. Na mstari wa vdd-supply kweli haupo. Nauweka leo, umeme ukirudi.