Re: Nimehamia Las Palmas, majirani nawazoeaje?

> Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina wiki 3 Las Palmas, nafanya usafi hotelini. Manispaa nimeshajiandikisha. Tabu yangu ni watu: nasalimia, wanaitikia, basi. Nyie mliotangulia mlifanyaje?

Marahaba mdogo wangu, karibu kisiwani Gran Canaria. Mimi wa Mombasa, niko hapa tangu 2016. Kihispania utakiokota kazini. Majirani mimi niliwapata kwa mpira, kwa hiyo ijue timu ya hapa, UD Las Palmas, mapema, hata kama hukuwahi kufuatilia ligi.

Ilizaliwa 1949, vilabu 5 vya hapa vilipoungana, maana vijana wao hodari walikuwa wakichukuliwa na timu za Hispania bara. Ikapanda madaraja mawili mfululizo, 1951 ikawa Ligi Kuu. Msimu wa 1968-69 ilishika nafasi ya 2 nyuma ya Real Madrid. Wazee wanawataja Germán, Guedes na Tonono kama watu wa ukoo wao. Guedes alifariki 1971, Tonono 1975, wote wakiwa bado wachezaji.

Ila kidonda chenyewe ni tarehe 22 Juni 2014. Mzee wa ghorofa ya chini alinisimulia mezani kwake. Mechi ya mwisho ya kupanda daraja, Las Palmas 1, Córdoba 0, dakika za nyongeza zinahesabika. Watu wakashindwa kusubiri, wakamiminika uwanjani kushangilia. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Alipofika hapo mzee alisogeza kikombe cha kahawa, akafuta meza kwa kiganja, taratibu, kama anawaondoa wale watu mmoja mmoja. Mpira uliporudi, Córdoba wakasawazisha, na kwa goli hilo la ugenini (jumla ya mechi mbili ikilingana, ndilo lililoamua wakati huo) wakapanda wao. Mtu akikusimulia habari hii, nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Usimwambie ni mpira tu.

Mwaka uliofuata Las Palmas walifungwa 3-1 kule Zaragoza, nyumbani wakashinda 2-0. Goli la ugenini lililowaliza 2014 safari hii likawavusha.

Baadaye wameshuka 2018, wakapanda 2023, wakashuka tena 2025. Huo msimu wa 2018 ndio Girona walipowapiga 6-0, matatu ya Olunga wetu! Mzee alinigongea mlango kesho yake: "Huyo ni wa kwenu?" Nikakubali. Akanikaribisha ndani, na tangu siku hiyo ananiita jirani.

Uwanja uko Siete Palmas, basi linakufikisha (hapa sema "guagua"). Angalia na saa: ratiba nyingi huandikwa kwa saa za Madrid, sisi tuko saa moja nyuma. Mechi yangu ya kwanza sikujua hilo, nikachelewa saa nzima.

> Asante sana kaka. Kumbe ile bustani ninayokatiza kila asubuhi, ya Ciudad Jardín, ndiyo uwanja wao wa zamani, waliucheza mpaka 2003! Leo nimemwuliza msimamizi wangu, mama mmoja mkimya sana, kama aliwahi kuingia. Akaweka ndoo chini. Tulipotoka kazini akanipeleka hadi pale, akanionyesha kwa kidole upande aliokuwa akikaa na baba yake. Jumapili tunakwenda wote Siete Palmas, kasema ana skafu mbili.